Subira ya Asiye na Hiari

Ndugu zetu Waislamu, hutujia mwanamke maskini akilalamika kwamba mumewe humpiga kila amwombapo wakapimwe UKIMWI. Nasi humwambia: rudi nyumbani ukasubiri. Mimi mwenyewe nimeyasema hayo, na leo najuta.

Kwani subira ni ya mwenye hiari. Huyu hana pa kwenda. Kodi ya chumba hulipa mume, na kwao hawamtaki arudi na watoto watatu. Asubiri nini? Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa katika baadhi ya maeneo ya dunia, wanawake waliopigwa au kuingiliwa kwa nguvu na waume zao, hatari yao ya kuambukizwa ni mara moja na nusu ya wenzao. Wala si ajabu: aogopaye ngumi hathubutu kumwuliza mume alilala wapi, na akipewa dawa huzificha.

Watasema: utiifu ni wajibu. Naam, lakini sharia yetu huondoa madhara, wala haikumpa mume haki ya kumtia mkewe maradhi. Hata serikali ya Kenya, kwa sheria ya mwaka 2015, imemruhusu kuomba mahakama imkinge. Basi atakapotujia tena, tumwulize kwanza atalala wapi usiku ule.