Wajane Waliopitwa
Matendo ya Mitume 6:1–7

Sura hii husomwa mara nyingi siku ya kuchagua wazee wa kanisa, nasi twaisoma upesi ili tufike penye majina ya wale saba. Yafaa tusimame kwanza penye manung'uniko. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa bado changa; watu waliuza mashamba yao kwa furaha, ili pasiwe na mhitaji kati yao. Hata hivyo wajane wa lugha moja, yaani Wayahudi wasemao Kiyunani, walipitwa chakula kilipogawanywa kila siku. Luka hasemi ya kuwa mtu aliwachukia wajane wale. Walisahauliwa, basi.

Sisi wa pande za Haydom hatuna haja ya kufundishwa sana maana ya lugha nyingi. Katika nchi hii zimekutana jamaa za lugha zisizo na undugu: Kiiraqw kilicho cha jamaa ya Kikushi, Kidatooga cha Kiniloti, Kinyiramba na Kiisanzu vya Kibantu, na Kihadza chenye vidoko, kisicho na ndugu ajulikanaye. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Norwei walifungua hospitali hapa mwaka 1955, ambayo leo ni ya Dayosisi ya Mbulu ya kanisa letu. Na tangu siku hizo watu wa lugha hizo zote wamekaa benchi moja wakimngoja mganga.

Tazameni benchi lile. Ameketi hapo mama wa Kidatooga aliyemleta mtoto mwenye homa, na kando yake mtu aliyetoka bonde la Yaeda kwa miguu. Yuko mtu mwenye kuita majina. Huyo si askofu wala si mganga mkuu, wala hakuna aliyemwekea mikono. Lakini saa ile yeye ni kiongozi, kwa maana mkononi mwake mna nani atangulie na nani abaki. Akimwita kwanza yule wa kijijini kwake, hakutenda hivyo kwa chuki. Ni kwamba jina la huyu mwingine ni gumu kutamka, na kumtafutia mkalimani ni kazi. Hivyo jua lachwa na mtoto bado hajatazamwa. Twadhani wajane wa Yerusalemu walipitwa kwa namna iyo hiyo.

Sasa tuone waliyoyatenda Mitume. Hawakuwakemea walionung'unika. Hawakuwaambia ya kuwa manung'uniko ni dhambi, ingawa wangaliweza kupata aya ya kuwanyamazisha, kama viongozi wengine wajuavyo kuipata. Waswahili husema mkubwa ni jalala, nao Mitume walikubali kutupiwa. Waliukusanya mkutano wote, wakaliweka neno mbele ya watu. Wazee wa Kiiraqw wanajua jambo hili tangu zamani: katika slufay mzee husema maneno ya kubariki, nao waliokutanika humwitikia. Baraka ile huhitaji vinywa vya watu wengi.

Kisha yasomeni majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kiyunani. Ni kweli kwamba Mwebrania naye aliweza kuwa na jina la Kiyunani, kama Andrea. Lakini saba wote pamoja si jambo la kupita bila kulitafakari. Tena Nikolao hakuzaliwa Myahudi, alikuwa mwongofu wa Antiokia. Twaona ya kwamba Mitume walitia kijiko cha kugawia mikononi mwa jamaa ya wale waliopitwa. Sisi tungalifanya nini? Twaogopa tungaliunda kamati ya watu wa lugha ya walio wengi, tukawaagiza wawaangalie vema walio wachache, kisha tukafunga kikao kwa sala. Wale wa Yerusalemu waliaminiwa na chakula chenyewe.

Jambo hili si dogo. Tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili ya kwanza ya Majilio, matope na mawe yalishuka kutoka mlima Hanang yakaingia Katesh na vijiji vya karibu, wakafa watu zaidi ya 80. Msaada ukaja kutoka pande nyingi. Msiba kama ule ukija, yuko mtu wa kuandika nani apate chakula na blanketi. Hatusemi habari ya mtu fulani; twasema habari ya kalamu. Mwenye kuishika anaye shemeji, anaye jirani aliyemkopesha mbegu, na mlangoni amesimama mwanamke asiyemjua, asiyejua kusoma, tena asiyejua kujieleza kwa Kiswahili. Hapo imani yake yapimwa kuliko mimbarani. Mitume walitaka watu walioshuhudiwa vema, waliojaa Roho na hekima. Na ushuhuda huo hutafutwa kwa majirani, kwa wadai, na kwa mke wa mtu, ambaye huulizwa mara chache mno.

Stefano hakukaa sana na kazi ile, aliuawa kwa mawe, naye Sauli akauona mauaji wake kuwa ni vema. Filipo alitumwa njia ya Gaza, akambatiza mtu wa Kushi, mwenye kuitunza hazina ya malkia. Akahubiri miji mingi, hata akaitwa Mwinjilisti. Miaka mingi baadaye Paulo, ndiye Sauli yule, alifika Kaisaria, akapokewa nyumbani mwa Filipo, akakaa siku nyingi chini ya dari ya mwenzake Stefano. Na Luka, akimtaja mwenye nyumba, baada ya kumwita Mwinjilisti aongeza ya kuwa alikuwa mmoja wa wale saba.