Kawa Likifunuliwa

Mjukuu aliyezaliwa Maskati, ambaye tangu utotoni amesimuliwa habari za Unguja na bibi yake aliyeihama baada ya Mapinduzi ya 1964, huketi dirishani mwa ndege iendayo huko mithili ya mgeni anayesikia harufu ya pilau na kawa bado halijafunuliwa. Mara wingu hupasuka. Kawa limefunuliwa! Chini kuna mchanga mweupe, kuna minazi, kuna mabati yaliyoshika kutu, ambayo bibi, Mola amrehemu, hakuyataja kamwe. Mimi, wallahi, nayapenda mabati hayo kuliko minazi, kwani chini yake mna watu waliodamka kama wewe. Leo kazini, ukimwona mgeni ameduwaa, mwulize kwanza aliambiwa nini.