Khabari za Dawa Katika Simu Zetu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na ali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu zangu Waislamu:

Abu Daud amepokea kwa Jabir (R.A.) kisa cha mtu aliyekuwa safarini na wenzake, akapigwa na jiwe, akapasuka kichwa. Kisha akaota, ikamlazimu josho. Akawauliza wenzake kama ana rukhsa ya kutayamamu. Wakamwambia hana, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Khabari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alisema kwa ukali kwamba wao ndio waliomuua, na akahoji kwa nini hawakuuliza ikiwa hawajui, kwani ponyo la asiyejua ni kuuliza.

Watu wale hawakuwa maadui wa yule majeruhi. Walikuwa wenzake wa njiani, wenye nia njema, wakimtakia usafi wa ibada yake. Hawakumpiga kwa upanga wala hawakumtilia sumu. Walimpa neno tu. Na neno lile lilihesabiwa kuwa ni kuua.

Leo kila mmoja wetu ana mfukoni mwake chombo cha kupelekea neno kama lile, si kwa mtu mmoja bali kwa ukoo mzima. Mtu husali Alfajiri, na kabla hajamaliza uradi wake simu imekwisha kumletea dawa tatu: moja ya moyo, moja ya figo, na ya tatu yasema mwenye maradhi ya sukari atupe vidonge vyake ale habasoda kwa siku arubaini. Msemaji amevaa kanzu na kofia, na ametanguliza aya. Basi nani atamkadhibisha? Hapo hapo twaipeleka mbele, ikafika Lamu, ikafika Malindi, ikavuka bahari mpaka kwa jamaa walioko Maskati, na huko ikarudi kwetu mara ya pili tukasema: Je, hamwoni? Hata Maskati waijua!

Enyi ndugu, sisi ni umma wa isnad. Imam Bukhari na Imam Muslim hawakukubali hadithi mpaka wajue nani kaipokea kwa nani, na mpokezi yule ukweli wake ukoje na hifadhi yake ikoje. Sanad ikikatika, hadithi ilidhoofika, hata maneno yake yakiwa matamu namna gani. Sasa yawaje sisi, tunaojifakhiri kwa elimu hii, tuyakubali maneno ya dawa yasiyo na baba wala mama? Hata wenye WhatsApp, ambao ni wafanya biashara, wameyawekea alama ya mishale miwili maneno yaliyopita mikononi mwa watu wengi, na tangu Aprili 2020 wakazuia maneno ya namna hiyo yasipelekwe ila kwa mtu mmoja au kundi moja kwa mara moja. Alama ile ni kama yatwambia kuwa asili ya maneno haya haijulikani. Sisi twaiona, na twapeleka.

Tena wako waandikao chini yake: "Nimepeleka kama nilivyopokea." Wadhani hiyo ni kinga. Katika muqaddima wa Sahihi yake, Imam Muslim amepokea mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kwamba yamtosha mtu kuhesabiwa muongo akiwa husimulia kila alisikialo. Na katika Suratun-Nisaa, aya ya 83, Mwenyezi Mungu awakemea wale wafikiwao na khabari ya amani au ya khofu wakaitangaza, ilhali wangeirudisha kwanza kwa wenye ujuzi.

Na madhara yake si ya kudhania. Katika mwaka 2020, zama za Korona, mamia ya watu katika nchi ya Iran walikufa kwa kunywa methanoli, ambayo ni sumu, baada ya kuenea khabari kwamba pombe hukinga maradhi yale.

Hapana anayekanusha asali wala habasoda. Asali imetajwa katika Suratun-Nahl, na habasoda imethubutu katika hadithi sahihi. Walakini Mtume yule yule (S.A.W.) aliyeisifu habasoda ndiye aliyempelekea tabibu Ubayy bin Kaab (R.A.), na ndiye aliyehukumu kwamba mwenye kujitia utabibu asijulikane kwa utabibu, dhamana ni juu yake. Iko namna ya maradhi ya sukari ambayo mwili hauwezi kabisa kujifanyia insulini. Kabla ya mwaka 1922, alipodungwa sindano hiyo mgonjwa wa kwanza huko Toronto, mwenye maradhi hayo alikuwa hana ila kungoja mauti. Mtu wa namna hii akiacha sindano yake, siku chache humtosha kufa. Basi aliyempelekea maneno ya kuitupa ana tafauti gani na wale wenzake yule msafiri?

Sisemi simu zitupwe. Chombo ni kile kile, na kheri yake ni nyingi. Binti aliye Nairobi aweza kumuuliza mamaye kila usiku kama amemeza kidonge cha presha. Mgonjwa akihitaji damu, mji mzima hupata khabari kwa saa moja. Mpweke huzuriwa kwa sauti, ijapokuwa kumzuru kwa miguu ni bora zaidi. Na kila ukoo una daktari au muuguzi wake; awekwe yeye ndani ya kundi la jamaa, na kila khabari ya dawa irudishwe kwake kwanza. Akisema haina asili, na ifutwe, na aliyeileta asikasirike.

Yako mengine mawili nitayataja kwa ufupi. La kwanza ni hizi picha za wagonjwa vitandani, wana mipira puani, nguo zimewavuka, nazo zasambazwa kwa jina la kuombewa dua. Dua haihitaji picha, na kumsitiri mgonjwa ni haki yake. La pili ni usiku. Mtume (S.A.W.) akichukia mazungumzo baada ya Isha, na sisi twazungumza na dunia nzima mpaka saa nane, kisha twauliza kichwa chaumia kwa nini.

Na kwa kuwa swali hili hurudi kila Ramadhani ikaribiapo, na majibu ya kila rangi huzagaa katika simu: mwenye sukari kujichoma kidole kupima damu hakumfunguzi. Wanavyuoni wa zama zetu wamekwisha kulieleza hilo, na matabibu wasema kipimo kikishuka chini ya 3.9 au kikipanda kupita 16.6, kwa hesabu ya milimoli, afungue hapo hapo, hata ikiwa Magharibi imesalia dakika kumi. Rukhsa yake imo katika Suratul-Baqara, aya ya 184 na 185. Amwone daktari wake mwezi wa Shaabani, kabla mwezi haujaandama. Jawabu hili nalo, atakaye kulipeleka kwa jamaa zake, na alipeleke kwanza kwa tabibu wake na kwa mwalimu wake. Wallahu aalam.