Upinde usiolegezwa huvunjika

Vijana wenzangu wa Kikwe, kuna wanaofanya mazoezi ya kulenga kwenye Free Fire au PUBG Mobile mpaka bando liishe. Je, ni kosa?

Mt. Thoma wa Akwino anafundisha kwamba mchezo ni pumziko la roho. Anasimulia Yohane Mwinjili alivyomuuliza mwenye upinde kama angeweza kurusha mishale bila kukoma. Akajibu: upinde ungevunjika. Akili nayo ni hivyohivyo.

Sasa, mchezo wenyewe ukikuchosha, utapumzika wapi? Lenga nusu saa, ukiwa mzima. Ukianza kurudia kwa hasira, hapo hujifunzi tena, unakisia tu. Weka simu chini, sali, lala. Kulegeza upinde siyo uvivu, ndiyo kuutunza.