Julai Peke Yake Haitoshi

Mgeni anayepanga likizo Mtwara huambiwa aje Julai. Mvua imekwisha, njia ya kupanda Newala imekauka, na akisimama Shimo la Mungu, pale uwanda wa Makonde unapokatika ghafla, analiona bonde la Ruvuma hadi Msumbiji. Atasema alhamdulillahi, na atakuwa amesema kweli. Ila kiangazi hichohicho kinachosafisha upeo ndicho kilichokuwa kikiwashusha wanawake bondeni kutafuta maji, maana juu kule hakuna mto. Je, anayemshukuru Muumba kwa Julai tu ameshukuru kwa ajili ya nchi hii, au kwa ajili ya starehe yake?

Waislamu wa Mikindani hawakuachiwa kuchagua msimu. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, hivyo Ramadhani hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, na kwa miaka kama 33 huwa imeipitia misimu yote. Mwaka 2006 ilianza mwishoni mwa Septemba, watu wakiingia msimu wa korosho. Mwaka 2014 iliangukia Julai, kusi ikivuma na bahari imechafuka. Mwaka 2025 ilikuwa Machi, kwenye mvua. London mfungo wa Juni hupita saa 18. Mtwara urefu wa mchana haubadiliki sana. Kinachobadilika ni kazi. Anayefunga huku akiokota korosho juani na anayefunga huku akipalilia kwenye matope wana saumu moja, lakini kiu zao si moja.

Mwezi huohuo ndio unaovuta bahari. Siku za bamvua maji hupwa mbali huko Msimbati, na wanawake huinama juu ya miamba, wakichokoa mashimo ya pweza kwa fimbo. Mfungo ukifika nusu, mwezi umekuwa mpevu na bamvua imerudi.

Wakristo wa Masasi wana mpango mwingine: Krismasi yao haiachani na mwanzo wa mvua na maembe, na Pasaka haivuki Aprili 25. Kurudia huko kuna utamu wake. Kwa suala la shukrani, hata hivyo, kalenda ya mwezi ina hoja nzito zaidi, kwa kuwa humsimamisha mja mbele ya Mola wake hata katika msimu asioupenda.

Mwaka 2030 Ramadhani inatarajiwa kuingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na mwishoni mwa Desemba, na zote mbili zitaangukia majira ya mvua ya kusini.