Mkono Ulivunjika Kabla ya Mizimu

Kibaha ninakoishi na Kisarawe kwa bibi, mwanaume akimuumiza mkewe au mwanawe, husemwa, "Shetani alimpitia." Wazee wanakaa mkekani, anaomba radhi, yamekwisha.

Riwaya ya The Shining ya Stephen King, iliyotoka mwaka 1977, inaweza kusomwa hivyo: hoteli yenye mizimu inamgeuza Jack Torrance hadi anataka kuwaua mkewe na mwanawe. Lakini Jack alikwisha kumvunja mkono mtoto huyo, Danny, nyumbani kwao, kabla hawajafika hotelini. Kosa la Danny lilikuwa kumwaga bia kwenye karatasi za baba. Naye baba yake Jack alimpiga mkewe kwa fimbo mezani, watoto wakitazama.

Je, mizimu inampunguzia Jack lawama? Naona hapana. Iliukuta mlango wazi. Namhurumia kwa kipigo alichorithi, ila huruma haifuti deni. Tukimtwika shetani kosa lote, tutampunga pepo baba, kisha tutamrudisha mtoto akalale nyumba moja na mkono uleule.