Washeni Projekta, Kisha Msiondoke

Ndugu zangu wa Shabunda, ninyi mlio kando ya Ulindi na ninyi mliokimbilia Bukavu, msiniambie kwamba sinema ni anasa. Sinema ya chuki tunaitazama kila siku, bila jenereta wala turubai. Imo mfukoni! Desemba 2021, pale Lweba katika Fizi, umati ulimuua afisa wa jeshi letu wenyewe, FARDC, kwa kuwa ni Mnyamulenge, Mtutsi wa Kongo, ukamchoma moto huku simu zikirekodi. Video ile ikazunguka. Ni wangapi kati yetu tuliopokea, tukatazama, tukamrushia mwingine?

Basi tujibu picha kwa picha. Filimu ya Thierry Michel juu ya Daktari Mukwege wa hospitali ya Panzi, anayetibu wanawake waliobakwa, ilipigwa marufuku na serikali mwaka 2015, kisha ikaachiliwa. Wakubwa hawaogopi kitu kisicho na nguvu. Shirika la Search for Common Ground nalo lilizungusha sinema vijijini mashariki mwa Kongo, na picha ilipokwisha likawaacha watu waseme. Hapo ndipo penye kazi. Picha bila mazungumzo ni kuni kwa mwenye hasira: atamlilia dada yake, kisha atatoka akitafuta wa kumlipiza.

Wala msichague filimu zinazotuonyesha tukionewa tu. Tumeonewa, ndiyo. Wanamgambo wa Raia Mutomboki walizaliwa kwetu mwaka 2005 kwa sababu FDLR, waasi wa Kihutu kutoka Rwanda, walikuwa wakiua na hakuna aliyekuja kutuokoa. Lakini hasira ile haikujua pa kusimama. Kule Masisi, kati ya Aprili na Septemba 2012, Umoja wa Mataifa ulihesabu raia 264 waliouawa na vikundi vyenye silaha, watoto 83 miongoni mwao, na jina la Raia Mutomboki limo kati ya vikundi hivyo. Mtoto wa kubebwa mgongoni ni askari wa nani? Na mwaka 1997 wakimbizi Wahutu kutoka Rwanda waliuawa katika barabara ya kati ya Kigulube na Shabunda. Wazee walioona waulizwe.

Najua mtakachojibu: waasi wa M23 wameshika Bukavu tangu Februari 2025, huu si wakati wa huruma. Ndio wakati wenyewe! Ikataeni bunduki yao kwa sauti yote. Aliyetenda jinai ashtakiwe kwa jina lake. Ila pua ya mtu na lugha ya mama yake si jinai.

Wachungaji, mapadri, wazee wa baraza, toeni uwanja, changeni mafuta ya jenereta. Watoto walazwe kwanza. Mteueni mama mmoja na mzee mmoja waongoze mazungumzo (mwanasiasa akae nyuma, asikilize). Swali la kwanza lisiwe walitufanyia nini. Liwe hili: ni nani aliyetaka kujificha kwetu, na ni nani aliyemfungia mlango? Anayejua aseme, hata kama ni yeye mwenyewe. Na yule jirani msiyemwalika kwa sababu ya kabila lake, mwendeeni nyumbani leo hii, mumwambie saa ya sinema.